Miche Yetu ya Juni na Ngitili ya Babu

Tarehe 5 Juni mwaka jana tulipanda miche 200 nyuma ya mabweni mapya. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa mmoja wa wabeba ndoo. Tisheti zilikuwepo, mgeni rasmi alikuwepo, spika za muziki zilikuwepo, na mpiga picha alituomba tuinue majembe juu kidogo ili nyuso zetu zionekane. Kitu kimoja tu hakikuwepo: mvua. Siku ya Mazingira Duniani waliipanga watu ambao Juni yao si Juni yetu. Kwetu Shinyanga, Juni ni mwezi wa kuuza pamba. Mvua imeshaaga Mei, na mpaka irudi ni Novemba, mwaka mwingine Desemba kabisa, na hapa chuoni hali haina tofauti kubwa. Agosti nilipita pale nikahesabu miche iliyokuwa bado na majani. Ilikuwa 11.

Sisemi haya kumcheka mtu. Waziri wa mazingira wa serikali yetu ya wanafunzi ni rafiki yangu, na bumu lilipochelewa muhula uliopita ni yeye aliyeninunulia chipsi siku mbili mfululizo. Ila bajeti ya mwaka huu inakuja, rasimu nimeiona, na kifungu ni kilekile: miche, tisheti, usafiri wa mgeni rasmi. Naandika kukipinga kifungu hicho. Na ili nieleweke inabidi niwarudishe Kidato cha Tatu, kwenye mada ya uzazi, ile ambayo darasa zima tulikuwa tunasubiri ifike kwa binadamu, tukairuka mimea kama watu wanaowahi basi.

Mwalimu wetu alichora ua ubaoni kwa chaki za rangi. Lilikuwa ua zuri kweli. Tukalikariri sehemu kwa sehemu, kwa Kiingereza ambacho nusu ya darasa tulikuwa tunakisikia kwenye somo hilo tu, na kwenye mtihani nikapata alama zote za mchoro. Jioni nikirudi nyumbani nilikanyaga maganda makavu ya mgunga njia nzima, yakilia chini ya viatu kra kra, na haikunijia hata siku moja kwamba kile nilichokuwa nakikanyaga ndo kile kilichokuwa ubaoni. Tuliambiwa tunda ni ovari iliyokomaa. Sentensi hiyo ilikaa kichwani mwangu kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

Ngoja nijaribu kuisema kwa namna ambayo ningependa niambiwe wakati ule. Chavua, ule unga wa njano unaokubakia puani ukinusa ua, ikitua mahali pake juu ya ua la aina yake, haimwagiki ndani. Inaota. Chembe moja ya chavua inatoa mrija mwembamba unaochimba kwenda chini, ndani ya shingo ya ua, mpaka unafika kwenye kijiyai kilichojificha ndani ya kifuko. Mtu wa Geita afikirie duara: mchimbaji mmoja anashuka gizani akifuata kitu ambacho hajakiona. Mrija huo unapitisha mbegu mbili za kiume. Moja inaungana na yai, na hapo ndipo panaanza mmea mpya, mtoto mwenyewe. Ya pili inaungana na sehemu nyingine ya kijiyai na kuanzisha akiba ya chakula cha huyo mtoto. Kwenye hindi, akiba hiyo ndiyo sembe. Ugali wote uliokula tangu uzaliwe ni chakula alichopikiwa mtoto wa mhindi, tukawahi sisi.

Na kama unataka kuliona jambo hili kwa macho, nunua hindi la kuchoma pale getini. Zile nywele zake, kila moja imeunganishwa na punje moja. Unywele uliopata chavua punje yake ilijaa, uliokosa punje yake haikutokea. Ukikuta hindi lina mapengo, mara nyingi unasoma habari ya siku ambazo shambani palikuwa na jua kali na chavua haikufika.

Baada ya hapo kifuko chenyewe kinavimba na kukomaa, na hicho ndicho tunda, liwe tamu au liwe gumu kama jiwe. Kwa hiyo bamia ni tunda. Ganda la kunde ni tunda. Kitumba cha pamba ni tunda, na zile nyuzi nyeupe zinazochambuliwa kinu kwa kinu kutoka Kahama hadi Maswa ni nywele zilizoota kwenye ngozi ya mbegu. Kanda nzima imesomeshwa kwa nywele za mbegu, kisha tunaambiwa botania haina soko. (Na kwa wale wa bweni la wavulana mnaoutukana ule mpapai kila mwaka kwa kuchanua bila kuzaa: ni dume, jamani. Kazi yake imeishia kwenye chavua. Uacheni.)

Sasa turudi kwenye maganda niliyokuwa nakanyaga. Mgunga unaangusha maganda yake kiangazi, wakati nyasi zimekauka na ng'ombe hana cha kula. Hilo linafanya kazi. Ng'ombe na mbuzi wanayala kwa fujo kwa sababu ganda ni lishe, ila mbegu iliyo ndani ina ngozi ngumu na nyingi zinapita tumboni nzima nzima. Mbuzi hata hawasubiri zipite. Usiku wakicheua wanazitema, na asubuhi ukifagia zizi unazikuta zimelala kwenye samadi, zinang'aa. Mti umelipa nauli kwa ganda, mbegu imesafiri kilomita kadhaa na kushushwa kwenye mbolea. Zile zinazobaki chini ya mti mama nyingi zinatobolewa na wadudu.

Ukienda upande wa Kahama, Bukombe na Geita, kwenye miombo, hesabu ni nyingine. Miti jamii ya miyombo haimtegemei ng'ombe. Ganda lake linakauka kwenye jua la Septemba mpaka linajikunja na kupasuka, ta!, linarusha mbegu mita kadhaa kutoka mtini. Ukikaa porini mchana wa joto unasikia msitu mzima ukipasukapasuka kama bisi. Mninga nao umechagua upepo. Tunda lake ni bapa, la mviringo, lina ubawa pembeni na miba katikati kama vile limekasirika. Mche wa mninga una tabia ambayo ningependa kila mpanda miche wa Juni aijue: kwa miaka mingi ya mwanzo sehemu ya juu inakufa kila kiangazi, inabaki mizizi tu, mvua zikija unachipua tena, kiangazi unakufa tena. Ukiangalia juu utasema hapa hakuna kitu. Chini kuna mzizi unaojiandaa. Mpaka mti huo usimame, uchanue na uzae tunda la kwanza, aliyekuwa Kidato cha Kwanza anaweza kuwa na mtoto wa kidato hicho hicho.

Nimesema matunda na mbegu, bado spora. Hapa wenzangu wa baiolojia watanirukia, maana mfano wangu wa kwanza ni uyoga, na uyoga si mmea. Sawa, najua, ni kuvu. Ila habari ya miombo huwezi kuieleza bila uyoga. Mvua za kwanza zikinyesha akina mama wanakaa kando ya barabara na ndoo na mabeseni ya uyoga, na sisi tunanunua bila kujua tumenunua nini. Kile kinachouzwa ni kiungo cha uzazi tu, kama tunda. Kuvu wenyewe wako chini, nyuzi nyembamba zilizojifunga kwenye mizizi ya miti. Mti unawapa sukari, wao wanauletea maji na madini kutoka kwenye udongo ule maskini. Uyoga unajitokeza siku chache tu kusambaza spora, mamilioni kwa mamilioni, vumbi la chembe moja moja lisilo na akiba ya chakula wala ganda la kuliwa. Ukitaka kuziona, chukua uyoga uliofunguka, kata shina, laza kofia juu ya karatasi nyeupe, funika na bakuli, ulale. Asubuhi utakuta mchoro wa vumbi unaofuata mistari ya chini ya kofia. Niliwahi kuufanya bwenini, mwenzangu wa chumba akadhani ni mambo mengine.

Kati ya mimea yenyewe, wanaotumia spora ni kama makangaga. Geuza jani la kangaga utaona madoa ya kahawia chini yake, yamepangwa kama vifungo vya shati. Humo ndimo spora zinapokaa. Spora ya kangaga ikiota haileti kangaga moja kwa moja. Inaleta kijimmea kidogo bapa, chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na juu ya kijimmea hicho mbegu ya kiume inabidi iogelee kwenye maji kuifuata mbegu ya kike. Bila utando wa maji hakuna kangaga. Ndiyo maana Kishapu hutakutana nalo hovyo njiani, utalitafuta kwenye miamba yenye kivuli na kingo za vijito. Mmea wa mbegu umejikomboa kwenye sharti hilo kwa kutumia chavua, ambayo haihitaji kuogelea. Lakini spora ina faida yake: ni nyepesi mno, inafika mbali kabla ya wote. Kisiwa cha Krakatau kule Indonesia kililipuka mwaka 1883 na kila kilichokuwa hai kikazikwa kwa majivu. Wataalamu waliofika miaka 3 baadaye walikuta makangaga ndiyo yaliyotawala.

Nawaza Krakatau kila nipitapo kwenye vifusi vya migodi. Udongo wa kawaida una benki ya mbegu, umelala na watoto wa miaka mingi wakisubiri mvua. Mwamba uliotolewa mita mia chini ya ardhi hauna mbegu hata moja. Chochote kitakachoota pale lazima kije kutoka nje, kwa upepo, ndege, mbuzi au mkono wa mtu. Na lazima nje huko kuwe na mti uliozaa.

Hapo ndipo ngitili inapoingia, na hapo ndipo mimi naacha kuwa mtazamaji.

Kwa wasiotoka Usukumani: ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji kinalifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kulifungua katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai waliochoka. Nilikua nikidhani ni ghala la majani tu. Nilipofika mwaka wa pili hapa, nikiwa napiga msuli wa ekolojia usiku na madesa ya watu watatu mezani, ndipo nikaiweka kalenda ya babu kando ya kalenda ya mimea. Zinalingana. Ngitili imefungwa kipindi kile kile ambacho nyasi zinachanua, zinazaa na kumwaga mbegu. Ng'ombe anapoingia, kazi ya uzazi wa nyasi imeshakwisha, anakula mabua. Na anaingia wakati huo huo maganda ya migunga yanapoanguka, anayala, anayasambaza, anayakanyagia kwenye udongo pamoja na samadi. Babu hakuwahi kuona mchoro wa ua wenye chaki za rangi. Alikuwa anajua lini pasiguswe.

Shinyanga iliwahi kulipa gharama ya kusahau hilo. Wakati wa ukoloni Waingereza waliweka Shinyanga makao ya utafiti wa mbung'o, chini ya Swynnerton, na dawa mojawapo waliyoiamini ni kufyeka vichaka ambamo mbung'o anajificha. Pori likafyekwa sana. Likaja shinikizo la kupanua mashamba ya pamba. Ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wakahamishwa, ngitili zikaachwa nyuma hazina mwenyewe. Miaka ya 1980 mkoa ulikuwa unatajwa kama jangwa la Tanzania, na akina mama wakipikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Na hiki ndicho ninachotaka waziri wangu akisome mara mbili: HASHI nayo ilianza na miche. Vitalu, miti ya kigeni, kugawa na kupanda. Haikwenda mbali. Kilichofanya kazi ni pale walipokaa na wazee na mikutano ya dagashida, wakagundua kwamba watu tayari wana mfumo wao, na kwamba udongo una mbegu na visiki vyake vikiachwa vipumue. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye mkoa wa zamani kabla haujagawanywa mwaka 2012, zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta. Sehemu kubwa ya miti hiyo hakuna aliyeipanda. Iliachwa izae na iote.

Ngitili ya babu yangu ilikuwa ekari 9, upande wa Kahama, mahali ambapo migunga inaishia na miombo inaanza. Kulikuwa na mikwaju 2, mifulu, mninga mmoja mkubwa ambao tulikatazwa hata kuupanda, na miyombo mingi. Babu alifariki nikiwa Kidato cha Nne. Mwaka uliofuata nikachaguliwa Kidato cha Tano, ikahitajika hela ya godoro, sare, michango na nauli, na hela haikuwepo. Baba mdogo akaita watu wa matimba.

Matimba, kwa asiyejua, ni magogo ya kushikilia kuta za duara lisibomoke. Duara la mchimbaji mdogo linashuka wima, na kadiri linavyoshuka linafungwa kwa magogo, ngazi baada ya ngazi, huku na huku. Bila matimba watu wanafukiwa, na wanafukiwa kweli, kila msimu wa mvua tunasikia. Gogo linalotakiwa si lile kubwa. Ni la unene wa paja la mtu, refu, limenyooka. Yaani mti kijana, ule ambao ndio kwanza umeanza kuzaa au uko mbioni. Walikuja na lori siku mbili. Hawakugusa mninga, baba mdogo alisimama pale mwenyewe na nampa sifa yake. Miyombo iliisha karibu yote. Mimi nikaenda Kidato cha Tano na godoro jipya, na muhula wa pili tukasoma tena uzazi wa mimea, safari hii kwa kina zaidi.

Kwa hiyo sina mdomo wa kumhukumu mchimbaji wala anayemuuzia. Nikikaa kwenye kiti cha ukumbi wa mihadhara nimekalia matimba.

Najua nitajibiwa kwamba miyombo inachipua kwenye kisiki. Ni kweli, inachipua vizuri sana, na kule Dodoma watu wanaotunza machipukizi kwa njia ya kisiki hai wamefanya kazi ya kuheshimika. Nilirudi likizo nikakuta visiki vya babu vimetoa machipukizi yananizidi urefu. Nikafurahi. Baadaye nikaona kitu: chipukizi la kisiki ni mti ule ule. Halijazaliwa, limeendelea. Mtoto anatokana na chavua ya huku na kijiyai cha kule, na ukikata machipukizi kila yakifikia unene wa timba, mti huo unaweza kuishi miaka 40 bila kurusha ganda hata moja. Msitu unaonekana upo, kijani kipo, na hakuna anayezaliwa. Uyoga nao tangu lori lile umepungua. Bibi anasema sasa wanaufuata mbali. Kuvu wanaoshikana na mizizi ya miyombo wanaishi kwa sukari ya miti hiyo, na ukiondoa miti umewaondolea jiko. Halafu mche mpya wa mwombo ukiota utawahitaji kuvu hao hao.

Sasa bajeti. Hela zile za miche 200 naomba zifanye mambo mengine, na hakuna hata moja linalohitaji mgeni rasmi. Kwanza tusubiri. Kati ya Julai na Oktoba, tunapokuwa field au likizo, kila atokaye kwenye kanda zenye miti ya asili akusanye mbegu kwenye miti iliyosimama kwao: mgunga, mkwaju, mninga, mfulu. Bahasha, jina la mti kwa lugha ya nyumbani, jina la kijiji, basi. Mbegu za mgunga zilowekwe kwenye maji ya moto usiku mmoja ili ngozi ilainike, kazi ya tumbo la ng'ombe tunaifanya kwa birika. Zipandwe Novemba na Desemba, mvua ikiwa imeshika. Pili, lile eneo nyuma ya mabweni lizungushiwe uzio na lisifyekwe wala kuchomwa moto miaka 3. Ngitili ya chuo. Najua litaonekana kichaka na mkuu wa mazingira atalalamika kuhusu nyoka. Alalamike. Mwaka wa tatu wanafunzi wa botania watakuwa na maabara isiyodaiwa umeme.

Tatu ni gumu zaidi na ndilo ninalolitaka kuliko yote. Baadhi yetu humu tunasomea misitu, sheria, uhandisi wa migodi. Tuna wachimbaji kwenye familia. Hitaji la matimba ni la kweli na halitaondoka kwa semina. Mimi siichukii mikaratusi. Ipandwe mingi, karibu na machimbo, ikatwe ikifikia unene wa paja, iende ikashikilie maduara ya Nyarugusu na kwingineko, ndiyo kazi inayoifaa. Nikisikia chama cha wachimbaji kimepanda ekari 20 za mikaratusi kwa ajili ya matimba nitapiga makofi kuliko nikisikia shule 20 zimepanda miche ya kivuli. Kila gogo la mkaratusi linaloshuka duarani ni myombo mmoja uliopewa muda wa kufika kwenye ganda. Wenye taaluma wakae na vyama vya wachimbaji waandike makubaliano ya namna hiyo, hata ukurasa mmoja, na vijiji vyenye ngitili viweke kwenye sheria ndogo zao kwamba kila ekari ibaki na miti kadhaa mikubwa ya kuzaa isiyoguswa. Wazee walikuwa na sheria hiyo bila karatasi. Sisi tunahitaji karatasi kwa sababu tumezoea kusaini.

Baba mdogo alinipigia wiki mbili zilizopita. Kuna watu wamepima upande wa mashariki wa ngitili, karibu na mninga, wanasema mwamba unaonyesha dalili. Wanataka kukodi ekari 4, na wametaja hela ambayo ingemaliza ada ya wadogo zangu wawili na kuezeka nyumba ya bibi. Akaniuliza, "Wewe ndiye msomi wetu, unasemaje?" Nikamwambia nipe muda. Akacheka, akasema duara halisubiri msomi, lakini kwa heshima yangu kikao cha familia kimesogezwa mpaka Jumamosi ya pili ya Novemba, kabla ngitili haijafungwa.

Nimeshakata tiketi ya basi. Nimemwomba bibi aokote matunda ya mninga yaliyoanguka mwaka huu ayaweke kwenye gunia ndani, yasiliwe na mchwa, maana hata kikao kikiamua ninavyoogopa, mti ule umeshazaa. Kamati ya bajeti ya serikali ya wanafunzi inakaa Alhamisi saa 10 jioni, ukumbi mdogo, na mlango huwa wazi kwa yeyote mwenye kitambulisho.